Jana haramia, leo mtangazaji wa taifa!

Jamani, leo tuache unafiki kidogo. Naomba nimtetee mtu aliyeanza kazi kwa kuvunja sheria.

Anaitwa Dave Fanning, mtangazaji wa Dublin, Ayalandi. Mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwa akipiga muziki wa roki kwenye redio zisizo na leseni: Radio Dublin, kisha Big D. Wenyewe waliziita redio za maharamia. Sisi tungesema redio bubu, ingawa hizi zilisema sana! Kwa nini zilikuwepo? Kwa sababu shirika la taifa, RTÉ, ndilo pekee lililoruhusiwa kutangaza, na halikuwa na stesheni ya vijana. Kijana mwenye kipaji angekwenda wapi?

Sasa sikieni kituko. Mei 1979 RTÉ ikafungua Radio 2 kwa ajili ya vijana hao hao. Watangazaji iliwatoa wapi? Kwa maharamia! Fanning akaingia, na Gerry Ryan naye, aliyekuja kuwa mmoja wa watangazaji wakubwa nchini humo hadi alipofariki mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 1979 Fanning akawaachia wasikilizaji wachague wimbo wa kutangulia kwenye santuri ya kwanza ya kikundi kichanga. Wakachagua "Out of Control". Kikundi chenyewe? U2.

Ungedhani dola imejifunza. Wapi! Mei 1983 maofisa wakavamia Radio Nova ya Dublin na kubeba mitambo. Sheria mpya ikazima maharamia mwisho wa 1988, na redio binafsi zenye leseni zikaanza 1989. Yaani miaka kumi tangu wachukue watangazaji kwa maharamia, ndipo wakafungua mlango!

Msinielewe vibaya. Leseni ni muhimu. Mawimbi yakigongana, hata mawasiliano ya ndege yanaweza kuvurugika. Ninachopinga ni kufunga mlango, kumwita mwizi anayepita dirishani, kisha kumwajiri akishaiva bila kukiri kwamba dirisha ndilo lililomlea.

Mimi mwenyewe nimeshaambiwa: "Njoo ukiwa na uzoefu." Uzoefu wenyewe unauzwa duka gani, wadau?

Fanning hakusubiri kuruhusiwa ndipo ajifunze. Anayetaka vijana wafuate sheria, kwanza awape mahali halali pa kuanzia.

Naomba kuwasilisha.