Kijana aliyesinzia dirishani

Vijana wapenzi, katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume yumo kijana mwenzenu ambaye tumezoea kumtaja kwa kicheko. Jina lake ni Eutiko. Mtume Paulo alikuwa akihubiri huko Troa, akaendelea hata usiku wa manane, na kijana huyo, aliyeketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wahubiri wengi humtumia kuwaonya wanaosinzia kanisani. Lakini tukisoma tena kwa utulivu, hatumwoni Paulo akimkemea. Anashuka, anamkumbatia, anawatuliza watu kwamba uhai ungalimo ndani yake, kisha anapanda tena kuumega mkate. (Na maneno yanaendelea hadi alfajiri, jambo ambalo mapadri wetu wasilichukue kuwa ruhusa.)

Sisi hatukufanya kama Paulo. Miaka michache iliyopita, katika kwaya yetu hapa Bunia, alikuwapo binti wa miaka 16 aliyelala katikati ya mazoezi karibu kila mara. Wenzake wakisema jambo la kuchekesha, magoti yalimlegea na kichwa kikaanguka kifuani. Baadaye alituambia kwamba katika dakika hizo alikuwa akisikia kila neno tulilosema juu yake. Tulisema ni mvivu. Aliposimulia kwamba usiku huamka asiweze kusogeza hata kidole, huku akiona mtu amesimama mlangoni, wengi wakawa na hakika kwamba ana pepo. Aliombewa, akafungishwa chakula siku tatu, na mwishowe nafasi yake tukampa mwingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumpeleka kwa daktari.

Sisi si waganga, wala hatutaki kumpima binti huyo kwa kalamu. Ila tumejifunza kwamba mambo hayo yote, yaani usingizi wa mchana usiozuilika, mwili kulegea kwa kicheko, kukabwa usingizini na kuona maono wakati wa kulala au kuamka, hukutana katika ugonjwa mmoja unaojulikana: nakolepsia. Katika nchi ulikochunguzwa sana, humpata mtu 1 hivi kati ya 2,000, na mara nyingi huanza katika umri wenu.

Chanzo chake ni kitu kidogo sana. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipothalamasi, na humo mna seli zipatazo 70,000 tu, kati ya mabilioni ya seli za ubongo mzima, zinazotengeneza kemikali iitwayo oreksini au hipokretini. Ina majina mawili kwa sababu makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yaliigundua mwaka uleule, 1998. Kazi yake ni kuziamuru sehemu nyingine za ubongo zidumu katika zamu yao ya kukesha, zile zinazotoa histamini na noradrenalini. Mkitaka kuijua nguvu ya histamini, kumbukeni vile vidonge vya mafua vinavyowalaza mchana: vimeizuia tu isifanye kazi yake ubongoni. Mwaka 2000 watafiti walipochunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na nakolepsia, walikuta seli za oreksini zimetoweka karibu zote. Wataalamu wengi huamini kwamba kinga ya mwili wenyewe ndiyo iliyoziangamiza.

Hapo mlango kati ya kulala na kukesha hukosa komeo. Usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida huulegeza mwili ili tusitende tunayoyaota, huvamia saa ya kukesha. Binti anacheka, na misuli yake inalegea kana kwamba yuko ndotoni, ilhali akili iko macho. Yule mtu mlangoni ni ndoto inayoendelea baada ya macho kufumbuka.

Na akili yenyewe je? Haipungui. Mwenye ugonjwa huu huelewa na kufikiri sawa na wenzake. Kinachoumia ni uangalifu, kwa sababu nguvu ambayo wengine huitumia kusikiliza, yeye huimaliza katika kupigania kukesha. Yaweza kutokea mkono ukaendelea kuandika huku mwenyewe amekwisha kulala. Mwalimu akiona ukurasa ulioanza kwa mwandiko safi ukaishia kwa mistari inayoteremka bila maana, asikimbilie fimbo.

Kongo yetu ilipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Kaskazini mwetu, katika nchi ya Uele, wazee wanakumbuka malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kijidudu chake kikiingia ubongoni, mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Na waliopima usingizi wa wagonjwa hao walikuta kwamba, kama katika nakolepsia, huweza kuzama moja kwa moja katika usingizi wa ndoto. Wangapi waliitwa wavivu au waliorogwa kabla damu yao haijapimwa? Zamani walitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya aseniki iliyomwua mgonjwa 1 hivi kati ya 20. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa kwa siku 10, na majaribio yake yaliongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande. Duniani, wagonjwa walioandikishwa walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Maombi hayakukatazwa. Lakini kuna watu waliokwenda vijijini na darubini.

Tusije tukadhani sasa kwamba kila anayesinzia ana nakolepsia. Katika Ituri kuna vijana wasiolala kwa sababu usiku ulikuwa na risasi, au kwa sababu familia nzima inabanana chini ya turubai moja kambini. Wengine wanaendesha pikipiki hadi usiku wa manane ili walipe karo. Wengine wana upungufu wa damu. Hao nao tunawakemea kwa sauti ileile.

Tunaloliomba kwa viongozi wa vijana ni dogo. Anayelala kila mara, kwa miezi, aulizwe faraghani jinsi anavyolala usiku, kisha asindikizwe kituo cha afya pamoja na mzazi wake. Asipewe pikipiki kuendesha. Aruhusiwe kulala dakika 15 au 20 kabla ya mazoezi, maana usingizi mfupi kama huo huwasaidia kweli wenye nakolepsia. Anayetaka kumwombea amwombee, lakini asimfungishe chakula wala asimwambie mbele ya watu kwamba ana pepo.

Sisi wenyewe tumekwisha kwenda kwa mama wa yule binti. Alitupokea, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kwa nini tulichelewa hivyo.