Deni la Mahari Lisingoje Jeneza

Wahenga wetu wa Pwani walituachia msemo mfupi: kukopa harusi, kulipa matanga. Maana yake yajulikana. Mtu anapopokea deni huwa na uso wa bashasha, na siku ya kulipa hununa kama aliyefiwa. Kwetu hiyo ni methali, nasi huitumia kama methali. Lakini ziko sehemu katika nchi yetu ambako maneno hayo hayana fumbo hata kidogo. Deni lililofungwa siku ya harusi huja kudaiwa siku ya matanga hasa, jeneza likiwa uani na waombolezaji wakingoja. Sehemu hizo ni Kisii na Nyamira, na mambo ya huko yana funzo hata kwetu sisi wa mwambao.

Nayazungumza haya kwa sababu ya swali ambalo laonekana kuwasumbua vijana wengi siku hizi, wa bara na wa pwani. Mume na mke wameoana juzi. Wana madeni, na wanatamani mtoto. Je, walipe kwanza ndipo wazae, au wazae huku wakilipa? Wazee wengi hulijibu swali hili kwa neno moja, kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Nami siwapingi, kwani riziki ni ya Mola. Lakini riziki haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu alicho nacho na anachodaiwa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kisii na Nyamira ni milima yenye rutuba na mvua ya kutosha, chai, ndizi na mahindi kila upande. Ni nchi iliyojaa watu. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na huko Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata kijana wa leo aghalabu hurithi kipande ambacho akisimama upande huu aweza kuzungumza na jirani wa upande wa pili bila kupaza sauti. Hapo ndipo anapotakiwa ajenge nyumba, apande chai, alishe mke na watoto, na alipe mahari ya ng'ombe.

Mahari ya Abagusii tangu zamani ni ng'ombe, wao huwaita chiombe. Na tofauti yake na mahari yetu ni kubwa. Kwetu Waislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya kaka yake. Kwao ng'ombe walikwenda kwa wazazi wa mke, na desturi ikawa kaka anaoa kwa ng'ombe waliotolewa kwa dada yake. Kwa hivyo ng'ombe wale hawakuwa mali tu. Walikuwa kamba iliyozifunga nyumba nyingi pamoja, na ndio waliothibitisha kwamba mke ni mke na watoto ni wa baba yao. Mwaka 1950 mtafiti mmoja, Philip Mayer, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria na desturi za mahari ya Wakisii, jambo linaloonyesha uzito wake.

Malisho yalipokwisha na bei ya ng'ombe ilipopanda, kamba ile ikaanza kulegea. Thomas Håkansson, aliyefanya utafiti huko na kutoa kitabu chake mwaka 1988, alieleza jinsi ndoa nyingi za vijana zilivyokuwa zikianza bila ng'ombe kutolewa, na jinsi mke wa ndoa ya namna hiyo alivyokuwa na haki dhaifu juu ya shamba alilolima kwa mikono yake. Vijana walianza maisha, wakasema mahari itakuja baadaye. Basi hiyo baadaye mara nyingi ikawa ni siku ya msiba. Mke akifariki kabla ya ng'ombe kutolewa, jamaa zake wanayo hoja ya kusema kwamba huyu bado ni binti yetu, hazikwi kwenu mpaka mtoe chetu. Mume aliyefiwa, ambaye jana alikuwa akitafuta pesa za hospitali, leo anatafuta pesa za ng'ombe.

Nilipokuwa pande za Nyamira, si mbali na Kebirigo, nilikaribishwa chai na kijana mwendesha bodaboda na mkewe, fundi wa cherehani. Walikuwa hawajapata mtoto, nao walikuwa wakishauriana. Kijana alinihesabia madeni yake kwa vidole: pikipiki anayoilipa kidogo kidogo, mkopo wa chama, na mikopo miwili ya simu. Nikamwuliza, "Ni hayo tu, mwanangu?" Akajibu, "Ni hayo tu, mzee."

Mkewe akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Na zile ng'ombe za baba?"

"Hizo si deni," mumewe akamwambia, "hizo ni mila."

Mke hakubishana naye. Alisema tu kwamba shangazi yake alifariki akijifungua, na siku ya kumzika ile mila iligeuka deni, likadaiwa papo hapo.

Tangu siku ile nimeona kwamba shida kubwa ya vijana hawa ni kwamba deni kubwa kuliko yote halimo katika hesabu. La pikipiki lina tarehe, la simu lina saa yake, tena simu yenyewe hukukumbusha alfajiri kabla hujanawa uso. La mahari halina karatasi wala tarehe wala kiasi kinachojulikana. Nalo ndilo linaloweza kumkuta mtu siku ile ile mtoto anapozaliwa, ikiwa Mungu hakujaalia salama. Vipi basi mtu atasema amepanga uzazi ilhali hajalipanga deni lililofungamana na uzazi wenyewe?

Tuje sasa kwenye hesabu. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Huonekana kidogo. Lakini mwenye kukopa 1,000, akalipa na kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, amekwisha kutoa ada ya 900 na lile 1,000 bado analo shingoni. Mikopo mingi ya vyama vya ushirika vya akiba hutozwa asilimia 1 kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Kwetu sisi riba ni riba, iwe moja iwe saba na nusu, nami siihalalishi. Nasema tu kwamba hata asiyeichelea riba kwa dini, na aichelee kwa hesabu. La simu ndilo la kwanza kumalizwa, kisha lisirudiwe.

Liko jambo jingine la huko, nalo ni bonasi ya chai. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, hupata malipo ya pili. Nyumba nyingi huiweka bonasi hiyo rehani kabla haijafika: karo, mabati, mahari, yote yataja kulipwa na bonasi. Na bonasi haina ahadi. Viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, ambavyo ndivyo vya Kisii na Nyamira, kwa kawaida hulipa chini ya vile vya mashariki. Mwenye kupanga uzazi kwa bonasi ambayo haijaja amepanga juu ya mvuke wa chai, si chai yenyewe.

Basi walipe kwanza au wazae kwanza? Rai yangu ni hii. Wasingoje mpaka senti ya mwisho, kwani maskini akisubiri kuishiwa na deni ndipo azae huenda akazeeka bila ya mtoto, na miaka ya mwanamke haikopwi. Lakini wasianze mpaka yatimie mambo mawili. La kwanza, madeni yote yawe katika karatasi moja, ng'ombe za baba zikiwemo, kila deni na kiasi chake na mwisho wake. La pili, wakisha kulipa fungu la mwezi, kibaki cha chakula, cha kliniki na cha mchango wa bima ya afya, tena kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi wa bonasi. Yakitimia mawili hayo, na wazae kwa bismillahi. Yasipotimia, wangoje mwaka au miwili kwa kushauriana na kliniki. Maulamaa wengi wameruhusu kuchelewesha uzazi kwa muda, kwa ridhaa ya mume na mke wote wawili, na mama mkwe hana haki ya kumhesabia mke wa mwanawe miezi.

Wala vijana hawa si watu wa ajabu kwa kutaka kuhesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa Kenya ulikuwa watoto 8 kwa mwanamke mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Taifa zima limekwisha kuanza kuhesabu. Kilichobaki ni wazee kukaa kwenye hesabu hiyo pamoja na watoto wao.

Kwa maana karatasi ile haiwezi kuandikwa na vijana peke yao. Lazima baba wa binti akubali kukaa na mkwewe, waseme ng'ombe ni wangapi, au shilingi ngapi badala yao, na zitoke kwa mafungu gani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imekwisha kufungua mlango: pale mahari inapotakiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha alama chatosha kuithibitisha. Mzee wa Kisii akipokea ng'ombe mmoja na karatasi ya waliobaki hakuivunja mila, ameilinda isigeuke chombo cha kuuzia maiti ya mwanawe.

Tulipokuwa chuoni tukihifadhi Suratul Baqara, aya iliyotutoa jasho ni ile ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Nayo haizungumzi pepo wala moto, yazungumza deni: liandikwe, liwe na muda wake na mashahidi. Aya mbili kabla yake yaamrisha mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Amri hizo mbili zatosha kuitengeneza nyumba ya yule kijana wa bodaboda, na zatosha kututengeneza sisi pia.

Maana nasi wa Pwani tusicheke. Sisi mahari ya kucheleweshwa twaitaja mbele ya mashahidi, na mume akifa hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Hilo ni jema letu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoikumbuka wanapohesabu madeni ya nyumba? Na ni wangapi waliokopa kwa ajili ya dhahabu, mapambo na pilau ya watu mia tano, kisha bibi harusi akaambiwa asishike mimba kwanza, kwa kuwa mchezo wa mwezi bado walipia pilau iliyokwisha kuliwa? Mkisii ana udhuru wa ng'ombe wa mababu zake. Sisi udhuru wetu ni macho ya majirani.

Wenye mabinti wanaoolewa mwaka huu, anzeni nyinyi. Kabla ya kuulizana rangi ya sare, ulizaneni ni nani anadaiwa nini, na kitalipwa lini, kisha mwandike. Mkwe atakayeshukuru kwa hayo ndiye atakayewaletea mjukuu asiyezaliwa ndani ya deni.