Kupima Mtoto Si Kumshindanisha

Hoja kwamba watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 wafanye mtihani wa kitaifa na kupangwa kwa nafasi, ili wazazi wajue ukweli, inachanganya kupima na kushindanisha.

Tangu 2019, mtaala wa umilisi wa Kenya humweka mtoto katika mojawapo ya viwango vinne: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia au kuwa chini yake. Mwalimu humsikiliza akisoma, hutazama anavyohesabu, kisha huandika anachokiweza na kinachomshinda. Tathmini ya gredi ya 3 hutayarishwa na baraza la mitihani, KNEC, lakini husimamiwa na walimu shuleni, na haimchagulii mtoto shule.

Nafasi ya 30 haimwelezi mzazi, kwa mfano wa Voi, anachokiweza mtoto wake na kinachomshinda. Mtoto wa Sagalla au Wundanyi huenda alianza shule akizungumza Kisagala au Kidawida, na wa mjini Voi, Kiswahili. Vijijini kando ya mbuga ya Tsavo, ndovu wakiwa njiani, wanafunzi huchelewa au hukosa masomo. Orodha ya nafasi hufuta sababu hizo zote.

Hoja hiyo ina jambo moja la kweli: darasa likifurika, mwalimu huweza kujaza viwango kwa kukisia. Dawa yake ni walimu zaidi na vitabu vya kusoma. Mtihani si dawa: ule wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho 2023, ulifichua udhaifu baada ya miaka minane ya masomo, muda wa kuurekebisha ukiwa umekwisha. Mtoto mdogo hupimwa ili asaidiwe mapema.