Ugonjwa wa koo ukitokea mgongoni, tusimtafute mchawi

Ndugu wasikilizaji, ninyi wa hapa Beni na ninyi mliofika kutoka vijijini na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, leo naomba niseme maoni yangu mwenyewe.

Tulimzika baba mmoja, mkimbizi wa ndani. Kabla ya hapo sauti yake ilikwaruza kwa miezi, akatibiwa koo, akapata nafuu, akarudi kupakia mizigo sokoni. Halafu mgongo ukaanza kumuuma. Kisha vikatoka vinundu vigumu chini ya ngozi ya kichwa. Familia wakasema: ya koo ilikuwa ugonjwa, lakini hii ya kichwa ni sumu. Jina la mama mmoja jirani likatajwa. Yule mama alihama usiku na watoto wake, yeye aliyekuwa amekwisha kukimbia vita mara mbili.

Daktari aliyemwona yule baba mwishoni alisema ni ugonjwa mmoja tangu mwanzo: saratani, ile tunayoita kanseri.

Saratani ya koo inatembea. Mara nyingi inaanza kwa tezi za shingo, halafu mapafu, mifupa, ini. Lakini mara chache inatokea mahali hakuna anayetazamia: ngozi ya kichwa, nyama ya paja, kidole, ubongo, figo, hata moyo. Chembe zake hupita ndani ya damu na ndani ya mishipa ya tezi. Hazihitaji jirani wa kuzituma.

Lawama yangu si kwa familia peke yao. Katika vituo alimopita yule baba, alipewa dawa ya mgongo, akapewa tena, na hakuna aliyemuuliza: uliwahi kuugua koo? Fishi yake ilikuwa imeungua pamoja na nyumba. Sasa mtu asiye na karatasi anatibiwaje, kama haulizwi?

Na kuuliza tunajua! Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, hapakuwa mgonjwa aliyepita bila maswali: umetoka wapi, umemgusa nani, umezika nani. Tulichoka nayo, lakini tulizoea. Kuongeza swali moja kwa kila mwenye uvimbe mpya au maumivu yasiyoisha hakuhitaji mashine wala dola ya shirika.

Sisemi kila mgongo unaouma ni saratani. Hapa kwetu watu wanabeba magunia. Kifua kikuu nacho kinakwaruza sauti, kinavimbisha tezi, kinaingia hata katika uti wa mgongo. Basi makohozi yapimwe. Lakini vipimo visipoonyesha kitu, na sauti ikabaki imekwaruza zaidi ya wiki tatu, au chakula hakipiti, au tezi ya shingo inakua bila kuuma, mgonjwa atumwe mbele. Asirudishwe nyumbani na vidonge vilevile. Wenye sigara na pombe kali pamoja, ninyi ndio mnasikiliza zaidi hapa.

Na aliyewahi kutibiwa saratani, miguu ikianza kulegea au mkojo kuziba, hiyo si ya kungoja kesho. Ni pikipiki saa ileile, maana uti wa mgongo ukibanwa, miguu inaweza isirudi.

Najua mtaniuliza: atumwe mbele wapi? Wengi wetu tunafikiri Kampala, kule Mulago, kupitia Kasindi, na nauli peke yake inamaliza mbuzi wote wa nyumba. Ni kweli, na wakubwa wetu wa Kivu ya Kaskazini wajibu hilo. Lakini swali la muuguzi halingoji barabara.

Mwenye fishi ya zamani aipige picha kwa simu leo, amtumie ndugu aliye mahali pengine, ili nyumba ikiungua picha ibaki.

Yule mama jirani, nimesikia yuko upande wa Oicha. Chumba chake kimekwisha kupata mpangaji mwingine.