Bei ya kobalti inaamuliwa pia ku meza ya enjenieri

Kila mara bei ya kobalti inashuka, mu madepo ya Kolwezi maneno ni yale yale. Mukrezeri anasema: "Banatuibia." Negosia anajibu: "Siye miye, ni bursi ya London." Na mama anayengoja makuta ya minervali ya watoto hana njia ya kujua nani anasema kweli. Kila mumoja anaweza kuwa na haki kidogo. Mizani ya uongo iko, teneri ya uongo iko, na bursi nayo iko. Lakini kuna mutu wa tatu ambaye hatumutaji hata siku moja. Anaitwa enjenieri, anakaa Shenzhen, Seoul ao California, na kazi yake ni kuchora batri, telefone na motokari. Hajui jina la kariere yetu. Lakini kalamu yake inaweza kutuumiza kuliko mizani ya depo.

Tumuseme leo, sababu kobalti ya inchi yetu sasa inatoka kwa kota. Tarehe 22 Februari 2025 serikali, kupitia ARECOMS, ilifunga mulango wa kobalti kutoka inje. Wakati ule tani moja ilikuwa imeanguka chini ya dola 25,000, na mu Machi 2018 ilikuwa imepita dola 90,000. Walisema miezi 4, wakaongeza 3, kiisha tangu 16 Oktoba 2025 zikaja kota: tani 18,125 kwa miezi ya mwisho ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka wa 2026, vile vile 2027. Bei ikapanda. Watu walifurahi, na mimi pia nilifurahi. Inchi inayotoa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia haipashwi kuuza kama mama wa nyanya anayeogopa zioze mangaribi. Lakini yule enjenieri, akiona bei inapanda, anafanya nini?

Kwanza tujue kazi yake. Telefone haianzi mu kiwanda. Inaanza na liste ya vipande vyote, mamia ya vipande, hata kile kidogo kuliko punje ya muchele. Mbele ya kila kipande enjenieri anajiuliza maswali mawili: kinafanya kazi vizuri? Na miaka inayokuja nitakipata kwa nani? Kipande chenye muuzaji mumoja tu kinamunyima usingizi. Hata kama ni kizuri na bei ni ya chini, atatafuta muuzaji wa pili.

Kiisha kuchora, anapima. Hapo ndipo kazi inakuwa ndefu. Batri ya lithiamu, hata kwa kuipandisha tu mu ndege, lazima ipite vipimo vya Umoja wa Mataifa vinavyoitwa UN 38.3. Wanaiweka mu hewa nyepesi kama ile ya juu angani, wanaitia mu joto na mu baridi, wanaitikisa, wanaigonga, wanaunganisha ncha zake mbili kwa nguvu ili waone kama itashika moto. Ukibadilisha dawa ya ndani ya batri, unaanza tena. Kwa motokari, vipimo vyote pamoja vinakula miaka. Kwa hiyo enjenieri hakimbii juu ya bei ya juma moja. Anachelewa kuondoka. Ubaya ni kwamba kama ameondoka, anachelewa vile vile kurudi, sababu kurudi ni kupima kila kitu upya, na patro wake atamuuliza: "Ile inatembea vizuri, unaibadilisha ya nini?"

Ndugu zetu wa Kivu waliona jambo hili mbele yetu. Mu koltani munatoka tantali, na tantali inatengeneza kondensateri, kale kadude ka ku karti ya elektroniki kanakoweka umeme kwa muda mufupi sana na kuutoa wakati unaombwa. Mwaka wa 2000 bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi, ikapita dola 300 kwa livre moja. Watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka kama jiwe mu kisima. Sababu ni nyingi: wanunuzi walikuwa wameomba kupita mahitaji, na soko la telefone na ordinateri lilipoa. Lakini ku meza za maenjenieri pia kuna kitu kilitokea. Walichukua karti zao na kuangalia, kipande kwa kipande, wapi kondensateri ya udongo wa kuchoma, ile ya seramiki, ingeweza kukaa pahali pa tantali.

Haikuwa rahisi. Seramiki iko na ujanja wake: ukiipa volti, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Iliyoandikwa 10 inaweza kukupa 5 ao chini, kwa hiyo unaweka mbili ao tatu na kupima tena. Lakini tantali nayo iko na kasoro yake: volti ikizidi inaweza kuwaka moto, ndiyo maana maenjenieri wengi wananunua ile iliyoandikwa volti mara mbili ya ile watatumia. Wenye viwanda vya seramiki nao hawakulala, kila mwaka walipunguza unene wa matabaka yao. Tantali haikukufa, mpaka leo iko mu vyombo vingi. Lakini mu karti nyingi pahali pake palichukuliwa, na hapakurudishwa.

Kobalti yetu nayo iko na historia inayofanana na hiyo. Mu 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithiamu na kobalti unaweza kufanya batri nzuri. Mu 1991 Sony ikaanza kuziuza. Lakini mu miaka ya 1990, kule Texas, muzee huyo huyo na wanafunzi wake wakaonyesha batri ya chuma na fosfati, bila kobalti hata chembe. Mu 2019 akapata Nobel. Mutu mumoja alitufungulia mulango wa mbele, akafungua na ule wa nyuma.

Batri ya chuma ni nzito zaidi na inakula nafasi, lakini ni ya bei ndogo, na haishiki moto haraka. Kwa miaka mingi ule uzito ndio ulitukinga. Kiisha mu 2020 BYD ikaleta batri yenye vipande virefu na vyembamba, vinalala moja kwa moja mu sanduku kubwa bila masanduku madogo katikati. Nafasi ikapatikana. Hawakuvumbua dawa mupya, walipanga sanduku kwa akili. Tesla ikaanza na batri za chuma mwaka ule ule kule Shanghai. Mu 2024, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, batri za chuma zilikuwa karibu nusu ya soko la motokari za umeme duniani, na kule China karibu robo tatu. Angalieni tarehe. Mambo hayo yalianza mbele ya kota. Kwangu mimi, bei ya 2018 ilisaidia kuyasukuma.

Je, wote wataondoka? Hapana. Mu telefone, nafasi inahesabiwa kwa milimeta, na hapo kobalti ingali na nguvu. Tena telefone moja inabeba gramu chache tu: bei ya kobalti ikiongezeka mara mbili, munuzi wa telefone hataona kitu. Motokari inabeba kilo, na pale kila dola inahesabiwa. Na muuzaji wa pili amekwisha kupatikana: Indonesia inatoa kobalti pamoja na nikeli.

Ndiyo sababu naona kota ni bora kuliko kufunga kwa gafla. Namba iliyotangazwa mbele, enjenieri anaweza kuiandika mu liste yake. Kinachomufukuza ni kutojua. Lakini kota ziligawanywa kwa makampuni kufuatana na yale waliyouza inje zamani. Kwa mufanyakazi wa kampuni kubwa, shaba iko palepale, na hata motokari yenye batri ya chuma inaitaka. Mukrezeri ambaye shimo lake ni kobalti tu, yeye bei ya London inaweza kupanda mara mbili bila kufika ku depo yake, kama munuzi hana kota ya kupitishia muzigo. Wakuu wa koperative wapeleke swali hilo Kinshasa, na waulize kwa namba.

Na walipeleke mapema. Kota zilizotangazwa zinaishia 2027. Motokari zitakazouzwa mu 2029 zinachorwa sasa hivi.