MTO ZIGI NA HAKI YA WENYEJI

Wakati huu ambapo wananchi wanahimizwa kuzitembelea hifadhi za nchi yao wenyewe, tunaona inafaa kuutazama Mto Zigi wa Usambara Mashariki. Mto huo unapita katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Pale Zigi, palipokuwa na stesheni ya reli ya Wajerumani, leo pana kituo cha wageni. Kutoka hapo watu hufuata njia za msituni, wakayatazama maporomoko ya maji na lile ua la zambarau liotalo maweni, ambalo Ulaya hupandwa vyunguni kwa jina la Saintpaulia.

Burudani hiyo ni haki ya kila mfanyakazi na mkulima. Lakini Zigi si mahali pa kupunga upepo tu. Maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayonywewa mjini Tanga. Ndugu yetu wa Pemba ashukaye bandarini hapo akapewa maji, huyanywa maji ya msitu wa Amani. Kwa hiyo atupaye taka mtoni, akataye miti ukingoni na achimbaye dhahabu kwa magendo kwenye vyanzo, wote wanawadhulumu watu wasiowajua.

Askari wa misitu peke yao hawatoshi. Mlinzi wa kweli ni mwanakijiji wa milimani, naye amekwisha kudaiwa mengi. Katika miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema waliyaacha mashamba yao ili misitu iungane. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Si haki mwanakijiji achumie juani, kivulini wale wengine. Visiwani jambo hili linafahamika: huko Jozani sehemu ya mapato ya wageni huvifikia vijiji vinavyouzunguka msitu.

Basi tunawaomba wakuu wanaohusika, wa Amani na wa Magamba kule Lushoto vilevile, wahakikishe mambo matatu. Hesabu za mapato ya wageni zisomwe katika mikutano mikuu ya vijiji. Waongoza wageni watoke katika vijiji hivyo hivyo. Na kiingilio cha wanafunzi, wa bara na wa visiwani, kisimshinde mzazi wa kawaida. Mambo haya hayahitaji fedha za kigeni; yanahitaji uaminifu na usimamizi, nayo yaanze sasa.