Picha ya paka wa bibi mjane: Ni israfu au ni rehema?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba kila kitambaacho, kitembeacho na kirukacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya msikiti wetu tukizungumza kama ilivyo kawaida. Akaja kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi na za mahafali. Alitueleza kwamba bibi mmoja mjane alimwita nyumbani kwake ampigie picha paka wake mzee. Paka huyo alikuwa wa marehemu mumewe, na siku zote za ugonjwa wa mzee yule alikuwa akilala miguuni pake. Daktari wa mifugo alikwisha kumwambia bibi kwamba figo za mnyama huyo zimeharibika na hana siku nyingi. Kijana aliifanya kazi hiyo kwa muda wa saa mbili, akalipwa ujira waliopatana.

Kisha akauliza kwa adabu: "Maalim, fedha hii ni halali kwangu?"

Kabla hajajibiwa, baraza zima liliangua kicheko. Mmoja akasema kuwa kesho ataitwa akampige picha kuku. Mwingine akasema kuwa hizi ni dalili za Kiyama. Nakiri mbele yenu kwamba nami nilicheka. Kijana alijitanda mkoba wake wa kamera begani, akaaga, akaondoka bila jibu. Siku ya tatu nikapata habari kwamba amemrejeshea bibi fedha zake zote, ilhali kodi ya chumba chake ilikuwa haijalipwa. Na bibi naye, kwa aibu, akawa hatoki nje. Makala hii ni jibu ambalo kijana yule alistahili kulipata siku ile.

Mtume hakumcheka Abu Umayr

Tuanze na kicheko chetu. Je, ni jambo la kuchekesha mtu kumpenda mnyama wake na kumhuzunikia?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.), aliyebeba mzigo wa umma mzima, alipomwona katika hali ile alimwita kwa jina lake la heshima na kumuuliza habari za yule ndege. Hakumwambia kwamba hilo ni jambo dogo, wala hakumwambia kuwa watu wana shida kubwa kuliko yake. Wanazuoni waliipa Hadithi hii uzito mkubwa, hata Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, akaiandikia risala nzima na kutoa ndani yake faida zipatazo sitini. Sisi wa barazani hatukupata hata moja.

Hali kadhalika, sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa jina la Abu Huraira, lakabu aliyoipata kwa ajili ya paka wake mdogo. Na Abu Qatada (R.A.) alikiinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe alipostaajabu akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Qur'ani Tukufu nayo, katika Surat Al-An'am aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 5 hadi ya 8, Mola wetu anataja manufaa ya wanyama kwetu, kisha anataja kuwa ndani yao mna uzuri na pambo. Kwa hiyo kuuona uzuri wa mnyama, na kuufurahia, si upuuzi.

Ama suala la picha yenyewe

Hapa inatupasa tuseme kwa uangalifu, kwani wanazuoni wamekhitilafiana. Zipo Hadithi sahihi zenye makemeo makali kwa watengenezao sura za viumbe vyenye roho. Imepokewa pia kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimnasihi mchoraji mmoja, ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwamba ikiwa hana budi basi achore miti na visivyo na roho. Kwa msingi huo, wapo wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Abdul Aziz bin Baz aliyefariki mwaka 1999, waliozikataza hata picha za kamera isipokuwa kwa dharura, kama vile za vitambulisho.

Kwa upande mwingine, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwamba kamera haiumbi wala haiigi uumbaji. Inachofanya ni kukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa sura ionekanayo katika kioo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliifuata rai hiyo katika kitabu chake maarufu cha halali na haramu kilichotoka mwaka 1960, akaongeza kuwa hukumu hutegemea kinachopigwa picha na lengo lake.

Mwandishi wa makala hii anaiegemea rai hii ya pili. Anayeishika ile ya kwanza kwa uchaji wake anastahili heshima, na asilazimishwe. Lakini tuwe wakweli: wengi tuliocheka barazani tuna picha za harusi zetu ukutani, na simu zetu zimejaa picha za watoto wetu. Mtu aliyejiruhusu picha ya bwana harusi hana hoja ya kuikataza picha ya paka. Kicheko chetu hakikutokana na uchaji. Kilitokana na dharau, na dharau si dalili katika sheria.

Kazi yenyewe ina nini?

Baadaye nilimwomba kijana anieleze kilichomchukua saa mbili. Maelezo yake yalinifunza kwamba sikuwa nikiijua kazi niliyoicheka.

Alisema kuwa nusu saa ya mwanzo hakuitoa kamera mkobani. Aliketi sakafuni, akamwacha paka aje mwenyewe kumnusa. Kisha akalala kifudifudi, ili lenzi iwe sawa na macho ya mnyama. Kwani ukimpiga paka picha ukiwa umesimama, unapata mgongo na masikio tu, kama amwonavyo mpita njia. Hakuwasha taa ya kamera, kwa sababu humshtua mnyama na huyafanya macho yake yang'ae kama makaa. Badala yake alifungua dirisha na kuungoja mwanga wa pembeni. Paka yule ni mweusi, na paka mweusi akipigwa picha bila ujuzi huonekana kama kipande cha mkaa. Ni mwanga wa upande ndio unaoonyesha manyoya, masharubu na umbo la uso. Kila paka alipolaza masikio nyuma au kuupigapiga mkia, kijana alisimama na kumwacha apumzike. Saa mbili hizo zilitoa picha tano.

Ndugu zangu, huu ndio ustadi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha katika Hadithi aliyoipokea Muslim kuwa Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Ikiwa wema unatakiwa kwa mnyama anayekwenda kufa, vipi usitakiwe kwa yule anayepigwa picha? Na fundi aliyeutimiza wema huo ujira wake ni haki yake, tena ni vyema alipwe kabla jasho halijakauka.

Aidha, picha nzuri ina manufaa yanayozidi kumliwaza mwenye mnyama. Paka au punda akipotea, picha iliyo wazi ndiyo inayomtambulisha. Vituo vinavyohifadhi wanyama waliotelekezwa hutegemea picha ili wapate watu wa kuwachukua, na mnyama aliyepigwa picha kwa ustadi huonekana kuwa kiumbe mwenye tabia yake, si mzigo. Kule Istanbul aliishi paka aliyeitwa Gli ndani ya Ayasofya tangu mwaka 2004 hivi. Picha zake zilienea duniani, wageni wakawa wanamtafuta, na jengo lile lilipofanywa tena msikiti Julai 2020, aliachwa aendelee kukaa humo, na akafariki Novemba mwaka huohuo. Hapa pwani yetu, paka wa Lamu walitolewa kitabu chenye picha zao mwaka 1998, kazi ya Jack Couffer, na watu wa mbali wakawajua. Picha humfanya asiyejali atazame, na Qur'ani katika Surat Al-Ghashiya imewalaumu wasiomtazama ngamia jinsi alivyoumbwa.

Mipaka isiyovukwa

Pamoja na hayo, si kila picha ya mnyama ni rehema. Ipo mipaka ambayo mpiga picha Mwislamu na mteja wake wanapaswa kuichunga.

Kwanza, mnyama asiteswe kwa ajili ya picha. Abu Dawud amepokea kwamba baadhi ya masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa; Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha warejeshwe. Basi anayewatoa watoto wa paka kwa mama yao ili wapendeze kwenye picha, au anayemvisha mnyama mavazi yanayombana, au anayemfunga ili asitikisike, na ajiulize swali hilohilo.

Pili, tusiutafute uzuri unaomuumiza kiumbe. Wapo paka wa aina ya Scottish Fold, wenye masikio yaliyokunjika, ambao picha zao hupendwa mno. Kumbe mkunjo huo ni kasoro ya kuzaliwa inayoathiri gegedu na mifupa na kuwatia maumivu ya viungo, hata chama kikuu cha kuandikisha paka cha Uingereza kikaacha kuwaandikisha tangu miaka ya 1970. Desemba 2021, katika mashindano ya urembo wa ngamia nchini Saudi Arabia, zaidi ya ngamia 40 waliondolewa kwa kuwa walichomwa sindano na kufanyiwa hila nyingine ili wapendeze. Huku si kuuenzi uumbaji wa Mwenyezi Mungu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, picha isichukue nafasi ya haki. Mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka hakuulizwa kama alimpenda. Aliulizwa kwa nini alimfungia, asimpe chakula wala asimwachie ajitafutie. Huko Lamu, punda hupigwa picha na wageni kila siku, lakini kinachomponya punda mwenye kidonda mgongoni si picha. Ni hospitali ya punda iliyofunguliwa kisiwani humo mwaka 1987, na ni mwenyewe kupunguza mzigo. Mtume (S.A.W.) alipomwona punda aliyetiwa alama ya moto usoni alimlaani aliyefanya hivyo. Anayemlipa mpiga picha wakati mnyama wake ana njaa amekosea mpangilio.

Nne, tuepuke israfu. Surat Al-Furqan aya ya 67 imewasifu wanaotoa bila ya kufuja wala kufanya uchoyo. Mwenye deni, mwenye jirani mwenye njaa, au ambaye hajatoa zaka yake, aanze huko. Lakini bibi yule hakukopa wala hakumnyima mtu. Alitoa fedha yake ya halali, mara moja katika maisha yake, kwa fundi mwenye shida.

Jibu

Basi, kijana wangu, jibu ni hili: kwa rai ninayoiegemea, fedha ile ilikuwa halali kwako, na saa mbili zako za subira mbele ya kiumbe mgonjwa tunataraji zitakuwa katika mizani yako ya mema, Inshaallah. Yupo mtu wa zama zilizopita aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji. Hatujui ni wema upi utakaotuokoa, kwa hiyo hatuna haki ya kuucheka wowote.

Nilimwendea nikamwomba radhi, kisha tukaenda pamoja kwa bibi. Paka alikuwa amekwisha kufa. Bibi hakuitundika picha ukutani. Ameihifadhi ndani ya bahasha pamoja na karatasi za marehemu. Alitutolea tuione, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho ya mnyama niliyempita mlangoni pale kwa miaka mingi. Kisha akaleta zile fedha alizorejeshewa, akanikabidhi mimi nimpe kijana, kwa kuwa kutoka mkononi mwake alikataa. Nilimpa, akazipokea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye huruma kwa viumbe vyake, azibariki kazi za mikono ya vijana wetu, na atusamehe vicheko vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.